Draya (mashine ya kukaushia nguo) haikaushi: uifungue mwenyewe, uite fundi, au ununue nyingine?

Simu za namna hii hunijia Jumamosi jioni, watu wakishafua nguo za wiki nzima. "Mwanangu, mashine inazunguka vizuri tu, lakini nguo zinatoka mbichi." Huyo ni shangazi yangu, anakaa mitaa minne kutoka kwangu hapa Ohio. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. Miezi mitatu nyuma alimwita fundi, akabadilishiwa fyuzi ya joto (kifaa kidogo kinachokata umeme mashine ikizidi joto), akalipa dola 160 kwa kazi ya nusu saa. Sasa fyuzi ileile imekatika tena, na binamu yangu ameshamfungulia ukurasa wa duka kwenye simu: draya mpya, dola 700, inaletwa mpaka mlangoni. Shangazi alitaka neno moja tu kutoka kwangu. Anunue, asinunue?

Nikamwambia asubiri niende kuangalia. Nyuma ya nyumba, pale bomba la hewa linapotokea ukutani, kifuniko chake kilikuwa kimekwama. Nilichomoa manyoya ya nguo yaliyoshikana, mengi ya kutosha kujaza mto wa mtoto. Fyuzi mpya ilimgharimu chini ya dola 15. Draya ile bado anayo.

Watu wengi huamua suala hili kwa kuangalia umri wa mashine au bei ya dukani. Mimi naangalia kwanza kilichoharibika ni nini, halafu kimeharibiwa na nini. Upo ubovu ambao kumlipa fundi ni kutupa pesa, upo ambao kuugusa mwenyewe ni kucheza na roho yako, na upo ambao hata fundi mwaminifu atakwambia mashine imefika mwisho. Nitaongelea zaidi draya ya umeme ya Marekani na Kanada, ile kubwa inayotoa hewa nje, maana ndiyo wengi wetu huku tunaikuta ndani ya nyumba tunazohamia. Walio Uingereza na Ulaya, na wale wanaotaka kuipakia kwenye kontena kwenda Dar au Mombasa, wasome sehemu za mwisho.

Kabla ya kuchagua lolote: breka na hewa

Nyumba za huku huingiza laivu mbili, yaani nyaya mbili zenye umeme. Ukipima laivu moja na nyutro unapata volti 120. Ukipima laivu kwa laivu unapata 240. Mota ya draya, taa na saa yake hutumia 120. Hita hutumia 240. Breka yake (swichi ya usalama inayojikata yenyewe) kwenye boksi la umeme ni ya ampea 30, na kwa kweli ni breka mbili zilizofungwa pamoja. Upande mmoja ukikatika, pipa linazunguka, taa inawaka, kila kitu kinaonekana kizima, ila joto hakuna. Nimeona watu wakinunua hita kwa ajili ya hilo. Nenda kwenye boksi, zima breka mpaka mwisho, iwashe tena. Joto likirudi, umemaliza kazi bila senti. Breka ikiruka mara ya pili, iache. Hapo kuna waya, soketi au hita inayovujisha umeme, na kulazimisha breka ni kutafuta moto.

Hewa ndiyo habari yenyewe. Hita inapasha hewa, feni inaivuta ipite katikati ya nguo, hewa inabeba unyevu na kuutoa nje. Ukiziba njia ya kutokea, unyevu unabaki humohumo na nguo zinapikwa kama wali uliopaliwa mkaa juu. Dalili zake hazifichiki: nguo zinatoka za moto sana lakini mbichi, mgongo wa mashine unachoma mkono, chumba kinajaa mvuke, mzunguko wa dakika 45 unakuwa saa mbili.

Njia ya kujua kama lawama ni ya mashine au ya bomba ni hii. Chomoa bomba nyuma ya draya, tia nguo chache mbichi, washa kwa dakika 15. Zikikauka, mashine yako ni nzima na bomba ndilo lenye kesi. Chumba kitapata vumbi kidogo, utafagia. Ila kama draya yako ni ya gesi, jaribio hili usilifanye hata kwa dakika moja, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, nayo haina harufu na inaua.

Bomba lenyewe linatakiwa liwe la chuma, upana wa inchi 4, laini kwa ndani. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inaruhusu urefu wa futi 35, na kila kona ya mraba hukata futi 5. Kwa hiyo bomba lenye kona tatu limebakiwa na futi 20 tu, na ukipima kwenye nyumba za zamani utashangaa. Lile la plastiki nyeupe na lile la karatasi ya fedha linalojikunja kama utumbo, ng'oa. Mikunjo yake hunasa manyoya, na plastiki ikishika moto haikupi muda. Viungo visifungwe kwa skrubu zinazopenya ndani, na mdomo wa nje usiwekewe wavu, kwa sababu wavu huziba ndani ya miezi michache.

Wanaodhani natia chumvi: shirika la zimamoto la serikali kuu ya Marekani lilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, kwamba moto wa draya majumbani ulifika 2,900 kwa mwaka, ukiua watu 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha.

Kuifungua mwenyewe

Vifaa ni vichache: bisibisi, spana ndogo za nati, tochi, na maltimita (kipimo cha umeme) ya dola 20. Simu ni ya kupigia picha kila waya kabla hujauchomoa. Chomoa plagi ukutani, uione kwa macho iko sakafuni. Mimi siamini breka peke yake, maana kuna nyumba ambazo maandishi ya kwenye boksi yaliandikwa na mtu aliyekuwa anakisia.

Tuanze na ubovu unaojitokeza kuliko wote, yaani pipa linazunguka na joto hakuna, wakati breka ni nzima. Umeme wa hita hupita kwenye mlolongo wa vifaa: fyuzi ya joto, thamostati (swichi inayofuata joto) ya kuongoza, thamostati ya juu ya usalama, hita yenyewe, na swichi iliyo ndani ya mota inayohakikisha hita haiwaki kama mota haizunguki. Kimoja kikikatika, joto linakwisha. Unavipima kimoja kimoja kwa maltimita, ukiwa umechomoa angalau waya mmoja wa kila kifaa, la sivyo utakuwa unapima kitu kingine kupitia mlango wa nyuma. Fyuzi nzima husoma sifuri au karibu yake. Iliyokatika haisomi kitu, na haiponi. Kwenye mashine nyingi za Whirlpool fyuzi hiyo hukatika kwenye nyuzi 91 za Selsiasi, na kwenye baadhi yake ikikatika mashine haiwaki kabisa, si joto tu.

Hita nzima ya draya ya kawaida husoma kati ya omu 8 na 12 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Si namba ya kukariri bila maana: hita ya wati 5,400 kwenye volti 240 lazima iwe na omu zipatazo 10.7, piga hesabu mwenyewe. Ikikatika maltimita haisomi kitu, na mara nyingi utauona uzi uliokatika kwa macho. Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hukiruka. Weka ncha moja kwenye mguu wa hita na nyingine kwenye boksi lake la bati. Ikisoma chochote, hita imelala ikagusa bati, na hita ya namna hiyo inaweza kuendelea kuwaka bila kuisikiliza thamostati. Hiyo hata kama "bado inakausha vizuri", iondoe leo.

Jambo ambalo sitalisema mara mbili: fyuzi ya joto hairukwi kwa kipande cha waya. Najua kwetu fundi anaweza kuunga moja kwa moja "kwa muda" ili mama amalize kufua. Kwenye pasi labda. Draya imejaa manyoya makavu na hita ya kilowati 5, na fyuzi hiyo ndiyo mlinzi wa mwisho.

Na ukishaweka fyuzi mpya, jiulize ya zamani iliuawa na nini. Fundi wa shangazi hakujiuliza. Ile dola 160 iliungua kwenye bomba lililoziba.

Ugumu wa kazi hutegemea sana nani alitengeneza mashine. Whirlpool za mtindo wa zamani, zile zenye chujio la manyoya juu ya mashine (na Kenmore nyingi ni hizohizo kwa jina jingine), ukifungua bati la nyuma hita na fyuzi ziko mbele ya macho yako, kazi ya dakika 40 kwa mtu asiyejua. GE nyingi zimeficha nyuzi za hita nyuma ya pipa, kwa hiyo lazima utoe mbele yote, mkanda na pipa lenyewe ndipo uione. Samsung nyingi nazo hita iko chini ya pipa. Kazi ni ileile, kipuri ni cha bei ileile, lakini moja ni ya jioni na nyingine ni ya Jumamosi nzima ukiwa na mtu wa kukushikia pipa.

Mkanda ukikatika, utajua kwa mkono: zungusha pipa, likienda bila ubishi kama gurudumu la baiskeli iliyotoka mnyororo, mkanda umekwisha. Kuna mashine ambazo mota itanguruma pipa limesimama, na kuna ambazo zina swichi inayoikataza mota kuwaka bila mkanda. Kipuri hakifiki dola 20. Tatizo ni kuupitisha mkanda mpya chini ya puli ya kukazia, mkono ukiwa ndani mpaka kiwiko na huoni unachofanya. Hapo ndipo picha uliyopiga inapokulipa. Ukiwa umeshafungua, badilisha na puli na magurudumu madogo yanayobeba pipa, kwa sababu hutataka kuifungua tena mwezi ujao kwa ajili ya mlio. Mgongano wa "dugu, dugu, dugu" kila pipa linapozunguka ni magurudumu hayo. Mlio mwembamba kama wa panya mara nyingi ni puli.

Halafu kuna ubovu ambao si ubovu. Mashine inazima baada ya dakika 20 nguo zikiwa bado na unyevu, lakini ukiweka muda mwenyewe inakausha vizuri. Ndani ya pipa, karibu na chujio, kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu kwa kuguswa na nguo. Vile vitambaa vya kunukisha nguo huviachia utando usioonekana, chuma kinashindwa kuhisi, kinaiambia mashine kwamba nguo zimekauka. Pangusa kwa spiriti. Umemaliza.

Vikiwekwa bega kwa bega

Bei ni za kukadiria, ninazokutana nazo mimi hapa Ohio. Mji wa pwani utazidisha.

| Dalili | Mshukiwa wa kwanza | Mwenyewe | Fundi | Kununua nyingine |
|---|---|---|---|---|
| Inazunguka, haina joto | Breka, fyuzi ya joto, hita | Ndiyo. Dola 10 hadi 60 | Dola 150 hadi 300 | Hapana |
| Nguo za moto lakini mbichi | Bomba na chujio | Ndiyo. Bure, au bei ya bomba | Msafisha mabomba, kama linapita darini | Hapana kabisa |
| Inazima mapema | Vipande vya kupima unyevu | Ndiyo; bure | Usimwite | Hapana |
| Pipa halizunguki | Mkanda | Ndiyo, ukiwa na nusu siku | Dola 150 hadi 250 | Hapana |
| Inagonga au inalia | Magurudumu, puli | Ndiyo, kwa uvumilivu | Sawa tu | Ikiwa pipa limekula bati, ndiyo |
| Mota inanguruma haiondoki | Soksi kwenye feni, au mota | Angalia feni kwanza | Mota: uliza bei kabla | Mara nyingi ndiyo |
| Taa zinacheza, vitufe havijibu | Bodi (ubao wa saketi unaoiongoza mashine) | Chomoa dakika 10, jaribu tena | Bei kabla ya kazi | Mara nyingi ndiyo |
| Harufu ya waya kuungua | Viungo vya waya, plagi, soketi | Chomoa, basi | Leo hii | Kadiri fundi atakavyosema |

Fundi anapokuwa na faida

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ninaousisitiza. Nyuma ya draya kuna kituo cha waya ambapo kamba ya umeme inafungwa kwa skrubu tatu. Skrubu ikilegea, mahali hapo panapata moto, plastiki inakuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Anayejua kukaza na kubadilisha kituo hicho anaweza kukifanya, lakini kama soketi ya ukutani nayo imeungua, hiyo ni nyaya za nyumba, na anayehitajika ni fundi umeme mwenye leseni.

Kamba yenyewe imewachanganya wengi. Draya huku huuzwa bila kamba, kwa sababu soketi ziko za namna mbili: nyumba za zamani zina matundu matatu, na tangu kanuni za umeme za 1996 nyumba mpya huwekewa manne, la nne likiwa ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ukihama na draya yako ukalazimika kubadilisha kamba, kumbuka kipande kidogo kinachounganisha nyutro na bati la mashine. Kwenye kamba ya waya tatu kinatakiwa kiwepo. Kwenye kamba ya waya nne lazima kitolewe, nyutro ikae peke yake na ethi ikae peke yake. Nimefungua mashine nyingi zilizofungwa na "jamaa anayejua" na kukikuta bado kipo. Inafanya kazi, ndiyo, mpaka siku nyutro itakapolegea na bati zima la mashine likapata umeme mtoto akiwa na mikono mibichi. Kama hukuelewa aya hii, mwite fundi, wala si aibu.

Kabla hajaja, muulize mambo mawili kwenye simu. Pesa ya kuja, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 80 na 120, inaingia kwenye bei ya kazi au ni mbali? Na je, ataangalia bomba la hewa? Fundi anayejibu swali la pili kwa "hiyo si kazi yangu" atakuwekea fyuzi na kuondoka, nawe utampigia tena. Mwache abadilishe hita ya GE kwa raha zake kama wewe una zamu mbili na huna Jumamosi. Dola 200 kwa siku nzima ya kupumzika si hasara. Mimi mwenyewe nimewahi kumlipa mtu kwa kazi ninayoijua.

Wapangaji, hii ni fupi: kama draya ilikuja na nyumba, ni mali ya mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe wenye tarehe na picha, usiifungue. Ukiifungua halafu ikaharibika zaidi, kesi imekuwa yako. Unachoweza kufanya bila ruhusa ni kusafisha chujio kila ukikausha, na kuliosha kwa sabuni na brashi mara mojamoja. Mwagia maji juu ya wavu wake: yakituama badala ya kupita, utando wa vile vitambaa vya kunukisha umeziba.

Kununua: mpya au mtumba

Nitakubali ununue mota ikifa kwenye mashine ya miaka kumi na zaidi, pipa likitoboka au kula kingo za bati, au bodi ikifa na bei ya bodi peke yake ikavuka nusu ya bei ya mashine mpya. Bodi haina uhakika pia: unabadilisha, halafu unagundua kilichoiua bado kipo.

Hapa nina upendeleo wangu na sitauficha. Kati ya draya mpya ya bei ya chini kabisa yenye bodi na taa za rangi, na mtumba wa miaka kumi na mbili wenye swichi ya kuzungusha, kutoka duka la mafundi linalotoa dhamana ya miezi mitatu kwa dola 200, nachukua mtumba. Saa yake ni ya meno na mota ndogo, vipuri vyake vimejaa kila mahali, na kila kilichomo ndani kinapimika kwa maltimita ya dola 20. Ukienda kuuchagua, zungusha pipa kwa mkono usikilize, angalia kituo cha waya nyuma kama kina weusi, na omba wawashe uweke mkono kwenye tundu la hewa. Joto lije ndani ya dakika mbili.

Za pampu ya joto ni habari nyingine. Hazina hita ya kuunguza. Zina kompresa kama ya friji inayohamisha joto, na unyevu hutolewa kama maji. Hutumia umeme nusu ya zile za kawaida au chini ya hapo, hazihitaji bomba la nje, na baadhi huku huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya 120. Kwa anayekaa ghorofani bila tundu la ukutani, ndiyo chaguo langu. Bei yake lakini inaanzia karibu dola 1,000, inachukua muda mrefu zaidi, na ikivuja gesi ya ndani haitengenezwi na mimi wala wewe. Ni fundi wa friji, na wengi wao huku hawataki kuigusa.

Walio Uingereza na Ulaya

Mashine zenu ni ndogo, za kilowati 2 hadi 3, zinazochomekwa kwenye soketi ya kawaida, na nyingi hukusanya maji kwenye tangi badala ya kutoa hewa nje. Kwa hiyo kabla ya fundi: tangi limwagwe, na kile kifaa cha kupozea hewa kilicho chini kitolewe na kuoshwa chini ya bomba, kwa sababu manyoya hupita chujio yakajaa humo. Baadhi zina thamostati yenye kitufe cha kuiwasha upya, kilicho nyuma ya mashine, ambayo watu huichukulia kama hita iliyokufa. Bonyeza kwanza, lakini ikiruka tena tafuta kilichoziba.

Mlio Uingereza mnaopewa draya ya bure na jirani, angalieni jina na namba ya modeli. Mwaka 2015 Whirlpool ilitangaza kwamba draya zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 chini ya majina kama Hotpoint, Indesit na Creda zilikuwa na kasoro: manyoya yanaweza kuangukia hita na kushika moto. Mwaka 2019 zile ambazo hazijarekebishwa zikaanza kurejeshwa. Ukiikuta moja ya hizo, usijadili vipuri. Ichomoe, uiulizie kwa mtengenezaji.

Kwenye Umoja wa Ulaya uchaguzi wa mpya umeshafanywa kwa niaba yenu: tangu tarehe 1 Julai 2025 kanuni za matumizi ya umeme zimekuwa kali kiasi kwamba draya mpya zinazoingia sokoni ni za pampu ya joto. Hiyo inafanya kuitunza ya zamani iliyo nzima kuwa na maana zaidi kuliko jana, kama unaitumia mara mojamoja tu.

Na kontena la kwenda nyumbani

Huulizwa sana, hasa na wanaorudi kujenga. Draya ya Marekani ina hita ya 240, na Tanzania tuna volti 230, Kenya 240, kwa hiyo watu husema itafaa. Hita itafaa. Mota, saa na bodi ni za 120 na zinategemea laivu mbili na nyutro katikati, kitu ambacho nyumba ya Kinondoni haina. Ukiunga laivu na nyutro kienyeji unaichoma mota siku ya kwanza. Ukiweka trafo ya kushusha volti kwa ajili ya mota, bado kuna umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde badala ya 60: mota itakwenda pole kwa sehemu moja kati ya sita, feni itavuta hewa kidogo, na tumeshaona hewa kidogo inafanya nini. Halafu kipuri kikifa, Kariakoo hawana.

Wanaohitaji draya nyumbani kweli, yaani wenye nyumba za wageni Zanzibar wakati wa masika, au wazazi wanaoogopa funza wa nguo wanaoletwa na nzi wa maembe na hawana muda wa kupiga pasi kila nepi, wanunue ya volti 230 hukohuko au inayotoka Dubai au Uingereza. Wapige na hesabu ya LUKU (umeme wa kulipia kabla wa Tanzania): mashine ya kilowati 2.5 ikiwa imewasha hita saa nzima inakula uniti mbili na nusu kwa mzigo mmoja.

Binamu yangu, yule wa ukurasa wa duka, alikuwa na mpango wa kumpelekea bibi draya ya zamani ya shangazi baada ya kununua mpya. Mpya haikununuliwa, ya zamani haikuondoka. Kwenye nafasi yake kontenani tulipakia baiskeli mbili na cherehani, na bibi hakuwahi kujua kwamba alikosa kitu.